Shibiri Kasoro Ukucha

Fremu hii Vytenis aliichonga kwa mbao za dirisha bovu,
akaipima kwa mkono wake: shibiri kasoro ukucha.
Printa haijui shibiri.
Inajua A4, inajua kumi kwa kumi na tano,
na kila nikiibembeleza inamkata miguu,
ananing'inia kwenye ngazi ya matofaa
kama shati lililoanikwa.

Panevėžys, theluji mlangoni. Wino wa samawati unakwisha.
Nimeazima rula ya mjukuu wangu Ugnė,
nikaingia kwenye mipangilio, nikaandika mwenyewe:
milimita 131 kwa 196.
Karatasi nikaikata kwa kisu cha mkate.
Printa ikaimeza nusu, ikakoroma, ikawasha taa nyekundu.
Ukubwa hautambuliki.
Hata yeye, viatu vyangu vya arusi alivinunua kwa kukadiria;
nilicheza na pamba vidoleni.

Mara ya nne ikakubali.
Miguu yote miwili, ngazi, hata kivuli cha ngazi.
Naitia kwenye fremu: haiingii.
Upande wa kulia ni mfupi kuliko wa kushoto,
milimita mbili, labda tatu.
Miaka thelathini ukutani, sikuona.

Nachukua mkasi.
Nakata upogo, polepole,
nikifuata mkono wake ulipokosea.