Kima cha Juu

Wakala ana feni moja, nayo inapepea mafaili.
Anauliza: jina la kampuni?
Nasema: Faki Mcha, Vioo na Aluminiamu, Machomane, Chake.
Kampuni! Tuna banda, na meza iliyotandikwa zulia,
almasi ya kukatia, vikombe vinne vya kunyonyea,
na kijana, Kombo, asiyependa glavu.

Mkandarasi wa hospitali mpya kanambia waziwazi:
bila cheti cha bima, hata ngazi huegemezi.
Vioo mia na ishirini, ghorofa tatu, milimita kumi.
Kazi kama hii haiji mara mbili.

Nilidhani bima ni ya kioo.
Hapana, anasema, akigeuza karatasi,
kioo ni chako, kikivunjika mezani lia nacho.
Hii ni ya yule anayepita chini.
Hii ni dhima.

Nikalirudia neno kimoyomoyo.
Chuoni tulifunzwa dhima kwa mambo ya akhera,
deni la mja kwa mja.
Sikujua kuwa ina risiti, na hulipiwa kila mwaka.

Umewahi kuhusika na ajali? Tia alama: ndiyo, hapana.

Mimi? Natia hapana.
Kisha kalamu inakataa kwenda mbele.

Mkoani, mwaka wa mvua nyingi.
Mimi nimeshika upande wa chini,
mwalimu wangu, Shaame Kheri, upande wa juu.
Duka la vitambaa, dirisha la roshani.
Mpira ulikuwa umelowa.
Hakupiga ukelele, alisema tu "Lahaula",
na kioo kikatutoka taratibu, kama mtu anayeaga.
Chini palikuwa na mtoto wa skuli, Asaa,
ameinua mkono kujikinga jua.
Jua, si kioo. Kioo hakukiona.
Tulikuwa tumekisafisha vizuri.

Hapakuwa na cheti wala wakala.
Palikuwa na sheha, wazee wa pande mbili, na kahawa.
Wakakata shauri: Shaame alipe hospitali ya Unguja,
nauli ya meli, sindano, mshipa uungwe.
Mshipa haukuungika.
Akauza mikarafuu minane ya urithi, halafu mitano,
halafu msimu ukawa mbaya,
akaweka rehani iliyobaki.
Hakuna aliyemdhulumu. Hakuna aliyeshiba.
Kafa akidaiwa laki saba
na watu waliokuwa wakimsalimu kila asubuhi.

Asaa leo ana duka la vipodozi, hukohuko Mkoani.
Nikinunua mafuta hunirejeshea chenji, akasema,
"Niwie radhi, nakupa kwa kushoto."
Kila mara.
Mimi napokea kwa mkono wa kulia, mzima,
na anayeomba radhi ni yeye.

Narudi juu ya karatasi. Naifuta hapana.
Wakala ananyanyua macho: hiyo itakuongezea ada.
Iongeze, nasema.

Ananisomea maandishi madogo, upesi upesi:
hailipi kazi mbovu kurudiwa,
hailipi kioo kilichoachwa usiku bila kufungwa,
hailipi fundi aliyelewa.
Hailipi aibu, naongeza mimi. Hacheki.

"Kima cha juu cha dhima?"
Pana visanduku tisa vya tarakimu.
Nahesabu: mkono mmoja, mikarafuu kumi na tatu.
Na hospitali haina mpita njia mmoja,
ina foleni ya kadi, ina wajawazito,
ina wanaokaa kivulini ukutani kungoja majibu.
Najaza vyote tisa.
Karibu robo ya faida yangu inaondoka
kabla sijapanda ngazi hata moja.

Nje, cheti kikiwa kifuani ndani ya bahasha, nampigia Kombo.
"Zungusha kamba pale chini. Ile nyekundu.
Na uvae glavu."
"Si tumeshakata bima, fundi?"
"Vaa glavu."