Zulia la Burulcha

Kila mwezi wa nane Burulcha hupanda mlima na mkasi.
Zulia yuko nalo punda, limeviringishwa kama mgonjwa:
sufu nyeupe ya kondoo arobaini na mmoja.
Huyo mmoja alikuwa wa jirani. Bado hajamlipa.

Alilitengeneza mwaka aliozikwa Temirkul, kaka yake,
aliyekuwa akipima barafu kwa kamba na vigingi
na kuandika tarakimu kwenye daftari la shule
lenye picha ya roketi.
Hatua kumi za mlima, upana wa kidole kwenye zulia:
huo ndio urithi aliomwachia.

Siku tatu wanawake wanane walimwaga maji ya moto,
wakapaka sabuni, wakaviringisha sufu kwenye matete,
wakaikanyaga, wakaipiga kwa viwiko,
wakitukanana na kucheka, mpaka nywele zikashikana
zikawa kitu kimoja kisichopitisha upepo.
Ajabu ya maji ya moto:
kondoo humshona,
mlima huufumua.

Leo anafika ulipoishia ukingo wa barafu mwaka jana.
Changarawe. Kopo la samaki. Kigingi
kimesimama kama abiria aliyeshushwa kituo kisicho chake.
Anavuta kamba mpaka inapogusa weupe.
Hatua sitini. Vidole sita.
Analikunjua zulia juu ya jiwe, anakata,
na mkasi unatafuna polepole kama ng'ombe.

Kuna bwana wa makumbusho alikuja na gari kutoka Bishkek,
akauliza bei ya zulia zima.
"Zima la lini?" Burulcha akamwuliza.
Bwana akanywa chai yake, akaondoka.

Huko bondeni mto umefura, viazi vinanywa, watu wanashukuru.
Yeye hawaharibii furaha.
Hata anayekula mbegu hushiba.

Vipande havitupi.
Cha mwaka juzi kimo ndani ya viatu vya watoto wa Saikal,
cha mwaka jana kiko chini ya tandiko la farasi.
Hiki cha leo amempelekea jirani, deni la yule kondoo,
na jirani amekitandika kitini kwa mama yake
ambaye miguu yake haipati joto hata kiangazi.

Bibi amekaa. Amekipapasa.
Anasema kina unyevu,
nani amekiacha mvuani?