Dumu Moja

Tulilala Takwa, watu watatu na hema la kuazima:
mimi, dada yangu Mwanajabu, na mwanawe Twaha
aliyetaka kuona, alisema,
mji usio na mtu unalalaje.

Mlinzi alikata tiketi, akatazama mikoko,
akatazama saa yake ya mkononi.
"Maji yakishatoka, hakuna boti ya kuwafuata
mpaka alfajiri. Mna kila kitu?"
Tukamwonyesha dumu, lita ishirini, la njano,
lililowahi kuwa la mafuta ya kupikia;
mchele, samaki wa kukaanga, tochi, dawa ya mbu.
Akacheka kidogo. "Basi mna kila kitu."

Akaenda, na hori likakauka nyuma yake.
Kaa wakatoka kupima tope.

Tulizunguka kabla giza halijashika:
ukuta, lango, msikiti uliobakiwa na nguzo juu ya kibla,
kaburi ambapo watu wa Shela huja kuomba mvua.
Twaha alihesabu nyumba, akachoka, akahesabu milango.
"Mbona yote inatazama upande mmoja?
Walikuwa wakimngoja nani?"
"Hawakumngoja mtu," mamake akajibu.
"Ni upande wa kuswali. Shika tochi vizuri."

Saa nne usiku nikasikia kitu kinakunywa.
Nilidhani ni mnyama.
Mwanajabu alidhani ni Twaha anajisaidia karibu na hema
akamwita kwa jina lake kamili, mpaka la babu.
Kumbe ni dumu. Tulikuwa tumeliweka
juu ya jiwe la matumbawe lenye meno,
nalo likafanya ufa mwembamba kama uzi.
Chini hapakuwa na dimbwi, hata unyevu wa kutosha kidole.
Mchanga ulikuwa umeshameza.

"Walikuwa na kiu," Twaha akasema,
na hakuna aliyecheka.

Simu ilishika mtandao, ikauachia.
Juu ya mikoko, upande wa Amu,
anga lilikuwa na rangi ya chai ya maziwa.
Huko, saa hiyo hiyo, watu walikuwa wakinunua
maji ya ukwaju, wakilalamika barafu ni chache.

Tukakiendea kisima. Kopo, kamba ya hema.
Mwanajabu akaonja, akatema.
"Munyu."
Hakusema chumvi. Alisema munyu,
neno la bibi yetu,
nililodhani tulilizika naye.

Nikalala macho wazi nikimfikiria mwanamke mmoja
wa nyumba mojawapo ya zile, asiye na jina kwangu,
aliyeonja uji asubuhi akamgombeza bintiye:
nani katia chumvi mara mbili?
Kesho yake akamgombeza tena.
Siku ya tatu akanyamaza,
akamtazama mumewe,
na mume akatazama ng'ambo.

Mji haufi kwa kishindo, labda.
Hufa kwenye ncha ya ulimi,
na anayejua wa kwanza
ni yule anayepika.

Kulipopambazuka hema lilikuwa limeloa umande.
Mwanajabu akaupangusa kwa leso, taratibu,
akaikamua kikombeni: vijiko vitatu
vyenye ladha ya nailoni.
Twaha akanywa viwili. Cha tatu
akainuka nacho, anataka kukimwaga kaburini.
"Kunywa," mamake akamwambia.
"Wao wameshapata lita ishirini."

Mlinzi alikuja na boti, na chupa, na swali usoni
ambalo kwa adabu hakuliuliza.

Sasa niko nyumbani, Mkomani.
Kila asubuhi, kabla sijabandika chai,
hufungua bomba, nikakinga kiganja,
nikaonja.
Watoto wa jirani wanadhani ni namna ya dua.

Leo bado.