Hayakuhusu

Jina alipewa kwa ajili ya jirani.
Marehemu mume wangu alilirusha juu ya masale,
ugomvi wa mpaka ukiwa mwaka wa tano:
"Hayakuhusu! Njoo ule!"
na ng'ambo, Bwana Kileo akajua anayeitwa ni nani.

Sasa Hayakuhusu ana miguu mitatu.
Lori la mchanga, barabara ya Rau, asubuhi peupe.
Dakta Eliapenda alikata juu kabisa, begani,
akashona kama anayepinda kitenge cha harusi.
Mshono ukafunga, manyoya yakaanza kurudi,
nikasema, yamekwisha.

Usiku wa kumi na tisa amelala jikoni, ametulia,
mara kwee! anaruka kama aliyemwagiwa uji wa moto,
anageuza shingo kutazama pale mguu ulipokuwa,
anapatafuta kwa ulimi,
analamba hewa, analamba sakafu,
kisha ananitazama mimi
kana kwamba mguu nimeuficha mahali
na huko nilikouficha ninaukanyaga.

"Mishipa ya fahamu," dakta akasema,
"haijapewa taarifa ya msiba."
Akaniandikia vidonge.
Duka la dawa karibu na stendi, binti anauliza:
Mgonjwa ana umri gani?
Miaka sita.
Maskini. Anaitwa nani?
Hayakuhusu.
Akaninunia. Sikumlaumu.

Saa mbili asubuhi, saa kumi, saa sita ya usiku.
Kidonge ndani ya ini, ini ndani ya tonge.
Tonge alilimeza, kidonge nikakikuta chini ya meza;
siku hizi nampa matonge matatu mbio mbio,
la katikati ndilo lenye siri.
Nisikatishe ghafla hata akionekana mzima,
dawa hii, niliambiwa, hushuka ngazi, hairuki dirishani.
Sakafu nimeitandika magunia asiteleze.
Kitambaa cha maji vuguvugu,
vidole vikizunguka kutoka mgongoni, polepole, kuja begani,
maana ukianza na kovu atakung'ata
na haki itakuwa yake.
Kwenye kalenda ya usharika naandika vilio:
Jumatatu vinne. Jumanne vinne.
Jumatano sita, na mvua.

Ile Jumatano,
saa nane usiku, alitoa mlio ambao sijapata kuusikia kwa mbwa,
na mlango ukagongwa.
Bwana Kileo, analowa,
mkono mmoja wa koti umebanwa kwa pini.
Wa mwilini aliuacha kiwandani TPC, kwenye meno ya mashine ya miwa,
kabla binti yangu hajazaliwa.
Hakuleta jani la sale. Hakunisalimu.
Miaka kumi na moja hatujasalimiana, angeanzia wapi?
Akachuchumaa.
"Si bega hilo unalolikanda," akasema. "Ni kucha.
Mimi ni kidole hiki," akaonyesha hewa,
"kimekunjwa. Sikikunjui."
Na wewe hufanyaje?
"Nakanda cha upande wa pili. Mwili mjinga,
siku nyingine unakubali kudanganywa."

Akaushika mguu wa mbele uliobaki,
akaukanda katikati ya vidole, ukucha baada ya ukucha,
kwa mkono mmoja, bila haraka,
kama anayehesabu fedha za mtu mwingine.
Mbwa akashusha pumzi.
Sisemi alipona. Saa kumi na moja alilia tena,
nami nikaandika: saba.

Wiki hii Alhamisi ilikuwa viwili, Ijumaa kimoja,
Jumamosi sikuandika kitu, nikaogopa kuitazama kalenda.

Usiku saa sita, ng'ambo ya masale, taa inawaka.
Simwiti mtu. Namwita mbwa, tonge mkononi:
Hayakuhusu!
Na upande wa pili mtu anakohoa,
kuonyesha amesikia.