Shaame, M. K.

Mashine ya kuhesabu wasomi inanijua kwa majina matatu
na kwa hayo yote bado haijanijua.

Katika makala ya kwanza mimi ni Shaame, M. K.
Katika ya pili ni Kombo, M., mhariri alikata alipochoka.
Katika ya tatu, ile iliyotajwa mara arubaini na moja,
nimo ndani ya "na wenzake",
chumba cha uani, watu sita, mlango mmoja.

Niko Wete, juu ya duka la simiti,
feni imesimama tangu adhuhuri.
Kwa chaji iliyobaki nawaandikia wenye daftari la dunia
waniunganishe mimi na mimi.
Fomu inauliza: jina la ukoo?
Hatuna. Kuna Mize, kuna Kombo aliyemzaa Mize,
kuna Shaame aliyemzaa Kombo.
Nyinyi mmeanza kusomea mkiani.

Utando wenyewe ulikuwa unywele uliopasuliwa mara mia tatu:
itriamu, bariamu, shaba, na oksijeni ya kutosha,
tone kwa tone ndani ya chemba isiyo na pumzi.
Saa tisa za usiku niliuzamisha kwenye nitrojeni inayofuka.
Ukinzani ukapungua, ukapungua,
kisha haukupungua tena, ulikuwa umekwisha.
Elektroni zilishikana mbili mbili
zikapita pasi na ushuru.
Nikaichomoa mita, nikaichomeka tena.
Sufuri.
Sikuwa na wa kumwambia. Profesa alikuwa amelala,
na jina lake likaja kukaa mwisho,
ambako kwa desturi zao ndiko ukumbini.

Hizo arubaini na moja nimezisoma zote.
Kumi na tisa wameandika ukurasa 118 badala ya 181:
mmoja alikosea, waliobaki walinakili kosa lake,
hawakufika kwangu, walipokezana tu anwani.
Saba wananitaja ili wapate kujitaja.
Wengine, sijui. Heshima, labda. Au kujaza.
Mmoja, wa mji nisioweza kuutamka,
aliutengeneza utando wangu upya kwa mikono yake,
akapata nyuzi tisini, si tisini na mbili,
akaeleza kwa nini.
Huyo alinisahihisha. Huyo ndiye aliyenisoma.

Sasa Shaame.
Shaame hakuwahi kushika kalamu. Alikuwa mtia bati.
Sufuria ya shaba ikiletwa imeota kijani
aliisugua kwa mchanga na ndimu hadi ione haya,
akaiweka juu ya makaa, akadondosha bati kidogo,
akalifukuza kwa pamba, upesi, kabla halijafikiri.
"Likiwa nene linabanduka," akisema. "Jembamba ndilo linaloshika."
Chini ya kila sufuria mwenye mali aligongea herufi zake kwa msumari.
Za Shaame hazikuwamo hata moja.
Watu walikula wali wa maulidi, wakakombeleza,
na shaba haikumdhuru mtu.

Nilikuwa maabara, mbali sana na hapa,
niliposoma kwamba bati nalo,
ukilipoza hadi nyuzi zisizofika nne kutoka mwisho wa baridi yote,
huuachia umeme njia.
Nilicheka peke yangu. Mzee wa watu,
maisha yake yote alilipika.

Skrini inauliza: "Je, Shaame, M. K., ni wewe?"
Ndiyo. Siyo.
Nilikuja hapa kulalamika kwamba sifa zangu
wamempa babu yangu.
Chaji, asilimia nne.

Nimebonyeza Ndiyo.
Kwa Kombo, M., nitajibu kesho, umeme ukirudi.
Baba alikuwa karani wa forodha bandarini Mkoani,
hakuna kilichompita bure,
na foleni anaijua.