Pini Kinywani

Aliingia na mvua ya Oldham mabegani,
vijana wawili nyuma yake wakigombea mwavuli,
akataka koti la sufu nyeusi, kola ya kusimama.
"Ijumaa nahutubia, fundi, usinicheleweshe."
Ukumbi ulishakodiwa. Mabango yalishabandikwa
hadi kwenye dirisha la muuza samaki.

Nikampima.
Kifua arobaini na mbili. Mkono ishirini na nne na robo.
Shingo kumi na sita na nusu:
nilipitisha futi chini ya ndevu zake
mshipa ukanigonga kidoleni,
mshipa wa kawaida, kama wako, kama wangu.

Mke wangu Jahura akaleta chai.
Hakuondoka.
Sinia kalikumbatia kifuani,
akamuuliza: "Mheshimiwa, mwaka ule wa vita
ulifika kwetu Bhatikuri?"
Akacheka kidogo. "Labda nilipita. Kulikuwa na mafuriko."
"Mafuriko hayapigi hodi," akasema Jahura.
"Wala hayasomi majina kwenye karatasi."

Kaka zake wawili walikuwa kwenye karatasi hiyo.
Wa tatu alikuwa chini ya kitanda pamoja naye,
kamziba mdomo kwa kiganja,
na Jahura, mwenye miaka tisa, akihesabu viatu
vinavyoingia, vinavyotoka,
na miguu mitupu minne inayovifuata.

Na mimi?
Mimi nilikuwa na pini kinywani.
Fundi mwenye pini kinywani hasemi,
kila mtu analijua hilo, hakuna wa kumlaumu.
Nilizitoa mojamoja, nikazichomeka kwenye pindo,
na zilipokwisha
nikatia nyingine.

Koti lilimkaa. Mungu anisamehe, lilimkaa.
Ijumaa ukumbi mzima ulisimama kumpigia makofi
nami nikiwa safu ya sita
nakagua bega la kushoto, kama limevuta.

Siku za mwizi arobaini, wanasema.
Za huyu zilikuwa miaka, arobaini na miwili,
na hukumu ilitufikia jikoni, asubuhi ya barafu,
kwenye simu ya binti yetu Tahsina,
aliyeisoma kwa Kibengali chake cha kuokoteza
akikwama, akirudia,
akituuliza neno hili maana yake nini.
Hatukumwambia. Alilielewa kwa kututazama.

Jahura alikuwa anamenya vitunguu.
Hakulia zaidi ya vitunguu walivyomdai.
Akafuta kisu, akauliza jambo moja:
"Lile daftari la vipimo, bado unalo?"

Ninalo. Ukurasa una doa la chai.
Kifua, mkono, kiuno,
na shingo, kwa mwandiko wangu mzuri wa ujana,
kumi na sita na nusu.

Akaweka kidole juu ya ile nusu,
akakiacha hapo.
Akanitazama mdomoni.
Hakukuwa na pini hata moja,
na sikujua nianzie wapi.