Kibindo

Niliitafutia jina, nikayakataa ya vitabuni.
Mama Nyabise ndiye aliyenipa, bila kujua:
alifungua kibindo pale kiunoni, akatoa noti mbili,
risiti ya kivuko, kidonge cha kichwa,
na kikaratasi chenye namba ya mtu.
Nikasema, ndicho hicho.
Kivinjari nacho nitakitia kibindo.

Mimi niko Kitangiri, chumba cha juu,
majabali yanachungulia dirishani kama wapangaji wasiolipa kodi,
mnara wa simu karibu kiasi cha kuurushia jiwe.
Kwangu mtandao ni hewa.
Kwake, Ukara, mtandao ni mgeni wa kushtukiza,
husimama mlangoni, chai hangoji.
Panda mwamba wa nyuma ya zahanati, inua mkono:
vijiti viwili. Shusha: hakuna.

Basi nikaandika msimbo.
Ombi likitoka, kwanza lipekue kibindoni.
Likikosa, ndipo livuke maji.
Likirudi na kitu, nakala moja ibaki ndani:
bei ya gunia la dagaa Mwaloni Kirumba,
picha za meza, picha ya kila mwenye mizani,
ili aliye ng'ambo ajue jasho lake anamtumia nani.
Nikazima data, nikafungua.
Vyote vikaja mbio, kama ziwa halipo.
Akiba haiozi, nikajiambia, nikalala.

Akiba haiozi!
Bei ya Jumanne ilioza Jumatano mchana
malori yaliposhindwa kufika,
na Ijumaa Mama Nyabise akashuka na magunia kumi na moja
kwa bei iliyokwisha kufa,
imelala kwenye simu yake macho wazi, kijani kibichi.
Hakupiga kelele. Alinionyesha kioo cha simu,
akanionyesha ubao wa soko, akasema:
"Mwanangu, kibindo chako hakijui kunusa."

Usiku ule nikaipa kila namba siku yake na saa yake.
Kijani kikafundishwa kufifia.
Kinachobadilika kiulizwe ng'ambo kwanza,
cha jana kiwe cha dharura tu.
Picha zikae, picha hazina haraka,
hadi seva itume mpya; hapo ya zamani ifutwe.
Mstari mmoja. Herufi chache.
Sikujua ninaandika nini.

Majura Bwire, ambaye mizani yake haikuwahi kumpunja mtu,
alifariki Aprili.
Ofisi ikamweka kijana mahali pake,
sura mpya, shati jipya, meza ile ile ya kumi na nne.
Simu zote za Mwanza zikamsahau Majura kabla ya matanga kuisha.
Ila moja, ng'ambo.

Nyakwesi wa zahanati ndiye aliyenipigia.
Mama Nyabise hapandi tena mwambani, akasema.
Bei anaiuliza kwa mdomo, kwa wanaoshuka kivukoni.
Data ameizima, na mtu asiiguse.
Jioni huifungua ile simu, hutazama meza ya kumi na nne:
Majura ameinamia mizani, jicho moja limefumba jua,
kidole kiko kwenye sahani, au kinaondoka.
Kisha huizima. Huirudisha kiunoni.

Sijui walikuwa nini wao kwa wao. Sikuuliza.

Nimeandika kitufe: *Hii isifutwe.*
Kazi ya robo saa; kimejaribiwa, kinafanya kazi.
Lakini hakitamfikia mpaka simu yake iunganishwe,
na ikiunganishwa tu,
siwezi kuapa kitakachotangulia kufika
ni kitufe changu au ni yule kijana mwenye shati jipya.

Jumatatu navuka.
Nimenunua waya mfupi wa shilingi elfu tatu,
na kitufe nitakibeba mwenyewe, mkononi,
kama watu walivyokuwa wakipelekeana vitu.